Bunduki ya Kuamia Shamba

Likizo iliyopita mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu, aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Aliuliza kwa nini mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miaka sabini na kitu na anayetembea na mkongojo, bado anaweka bunduki ndani ya nyumba. "Babu," aliniambia, "wewe hata nyani akikaa juu ya paa la jiko humwoni." Nilicheka, nikasema ni mali ya urithi. Jibu hilo halikuwa kweli, maana bunduki hiyo niliinunua kwa fedha zangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, na haya ninayoandika hapa ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Bunduki yenyewe ni raifo ndogo iliyotengenezwa katika mji wa Brno, nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, katika miaka ya 1950. Wataalamu huitambua kwa jina la ZKW 465. Uzito wake haufiki kilo tatu. Ina kasha la risasi tano linalochomekwa chini, na ina vifyatulio viwili: ukivuta kwanza kile cha nyuma, cha mbele huwa chepesi kiasi kwamba ukikigusa kwa ncha ya kidole tu, risasi imekwisha kutoka. Haikutengenezwa kwa ajili ya vita, wala kwa ajili ya nyati au tembo. Ilikusudiwa wanyama wadogo waharibifu, wale wanaokula jasho la mkulima: nyani, tumbili, ngedere na jamaa zao.

Ili nieleze kwa nini naipenda, lazima nianze na dungu.

Nilizaliwa chini ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe, mahali ambapo mashamba ya mkonge yalikuwa yamemeza nchi tambarare na sisi tukabaki pembezoni, kati ya mkonge na msitu. Mahindi yetu yalikuwa na wadai wengi. Mchana walikuja nyani, usiku nguruwe. Sisi watoto tuliamia mchana kwa makopo na makombeo. Usiku baba alikaa juu ya dungu na gobore lake. Kulishindilia gobore lile kulikuwa kama kupika chakula cha wageni: baruti kwanza, kisha tambara, kisha vipande vya chuma, kisha tambara tena, yote yakisukumwa kwa ufito. Likishalia, shamba zima lilijaa moshi, na kabla moshi haujatawanyika nguruwe walikuwa wamekwisha rudi msituni, wakiwa wazima kabisa. Nakumbuka usiku mmoja mama aliuliza kutoka chini, "Umempata?" Baba akajibu, "Nimemsalimia."

Lakini mchana baba yangu alishika silaha nyingine. Alikuwa kibarua katika shamba moja la mkonge, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumbebea meneja bunduki wakati meneja alipokwenda kuwapiga nyani waliovamia mahindi ya kambi. Aliibeba, akaisafisha, akaipaka mafuta, akaifunga kwenye kitambaa chake. Miaka kumi na moja. Hakuwahi kuipiga hata mara moja. Mwaka 1957 au 1958 nilifuatana naye nikamwona yule meneja akilala kifudifudi kwenye tuta, akavuta pumzi, na nyani aliyekuwa ameketi juu ya kichuguu mbali sana, mbali kuliko nilivyoweza kurusha jiwe mara tatu, akaanguka bila kupiga kelele. Hapakuwa na moshi. Sauti ilikuwa kavu na fupi, kama kuni inapovunjwa gotini. Nilimtazama baba. Uso wake haukuonyesha chochote, lakini jioni ile, alipokuwa akishindilia gobore lake, alisimama kidogo, akalitazama, akaendelea.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu nikichukua somo la historia, ndipo nilipofahamu kwamba tofauti kati ya silaha zile mbili haikuwa ya bahati wala ya umaskini tu. Iliandikwa.

Msomaji, ukichungulia ndani ya mtutu wa gobore utaona bomba laini. Ukichungulia ndani ya raifo utaona mifereji myembamba inayojipinda kuelekea mbele. Mifereji hiyo huishika risasi na kuizungusha, nayo hutoka ikizunguka kama pia ya watoto. Pia isiyozunguka huanguka. Inayozunguka husimama wima. Ndivyo ilivyo risasi: ile ya bomba laini huyumba hewani na haiaminiki ikishapita hatua chache, lakini ile iliyozungushwa hushika njia yake.

Sasa, tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa ya wakati ule yalitia sahihi mjini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Humo waliweka vifungu vya silaha. Katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, yaani kutoka Sahara hadi karibu na mto Limpopo, ilipigwa marufuku kuingiza silaha za moto, hasa raifo na silaha zilizoboreshwa. Kulikuwa na ruhusa chache. Mojawapo ilikuwa kwamba watawala wangeweza, kwa masharti, kuruhusu bunduki za gumegume zenye mitutu isiyo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Nilisoma kifungu hicho mara mbili nikiwa maktaba, na wanafunzi wenzangu wakashangaa kuniona nimesimama. Mfereji ule mdogo ndani ya chuma, upana wake ni kama ukucha wa mtoto mchanga, ulikuwa ndio mpaka. Upande mmoja alikuwa meneja, upande wa pili baba yangu juu ya dungu.

Lazima niwe mwadilifu, maana nimewafundisha watoto uadilifu kwa miaka zaidi ya thelathini. Wale wa Brussels hawakutunga sababu yao hewani. Bunduki zilizoingia kupitia Unguja na Pangani katika karne ya kumi na tisa zilileta maafa makubwa. Hapa kwetu, baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, Semboja wa Mazinde alipata nguvu kwa kukaa kwenye njia ya misafara na kupata bunduki za pwani. Wazee wa Kishambaa wanajua ni watu wangapi walitekwa na kuuzwa katika vita vile vya kugombea utawala. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kila marufuku ya silaha ni uonevu. Lakini pia haikuchukua muda watawala wapya walioingia na mkataba mkononi wakagundua kwamba watu wasio na silaha hawasumbui.

Na nguruwe nao wakagundua hivyo hivyo. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo katika siku za Wajerumani, akaonyesha jinsi vizuizi vya uwindaji, pamoja na wanaume kuchukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, vilivyowaacha wanawake peke yao mashambani huku nguruwe mwitu wakila mazao. Njaa ile na uchungu ule, anasema, ni sehemu ya yaliyotangulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Vitabu vya shule tulivyofundishia vilitaja pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, na vyote hivyo ni kweli, nguruwe havikuwataja. Mimi niliyelelewa chini ya dungu nilimwelewa mwandishi yule mara moja. Mtu anaweza kuvumilia kodi akijua ana mahindi ghalani. Kulala macho miezi mitatu halafu uvune magunzi ni jambo jingine.

Waingereza walipokuja walileta sheria zao za wanyama, mojawapo ya mwaka 1921, na wakaleta Bwana Nyama. Kwa kawaida mwananchi aliyeomba kibali cha silaha, kama alikubaliwa, alipewa cha gobore. Raifo ilibaki na wenye mashamba makubwa na wageni wa kuwinda.

Risasi ya bunduki yangu ina historia yake pia, na wala si ya Afrika. Inaitwa .22 Hornet, yaani nyigu. Ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1920, kwenye kiwanda cha silaha cha jeshi cha Springfield, ambapo baadhi ya maofisa waliokuwa na muda na udadisi walichukua ganda dogo la zamani lililoanza kuuzwa mwaka 1885 wakalitilia baruti ya kisasa. Adui waliyemkusudia hakuwa mtu. Alikuwa panya-buku wa kwao, mnyama mnene anayechimba mashimo kwenye malisho na kula mazao ya wakulima. Kampuni ya Winchester ilianza kuuza risasi hizo mwaka 1930 kabla hata hakijakuwapo kiwanda kinachotoa bunduki ya kuzipiga, jambo linaloonyesha jinsi wakulima wale walivyokuwa na hamu. Risasi ina uzito wa gramu tatu hivi, nayo hutoka kwa kasi ya mita 700 hadi 800 kwa sekunde. Kufikia mwaka 1935 Winchester hiyo hiyo ilikuwa imekwisha toa nyingine, .220 Swift, iliyopita mita 1,200 kwa sekunde, na tangu hapo mbio hazijasimama. Kwa vijana wanaopenda vitu hivi, Hornet leo ni babu. Inafaa hatua 150, pengine 200 kwa mtu hodari, na baada ya hapo inachoka.

Hapo ndipo ilipo raha yake. Bunduki yenye nguvu nyingi humsamehe mpigaji mvivu. Hii haisamehi. Lazima ukadirie umbali, utazame majani yanaelekea wapi, ungoje nyani ageuke, na mara nyingi, nasema kweli, ukishamaliza hesabu zote unagundua kwamba hupaswi kupiga. Ni kama somo la hisabati lenye swali moja tu. Na mlio wake mdogo hauwatishi mbuzi wa jirani.

Niliinunua mwaka 1985. Aliyeniuzia alikuwa fundi mitambo mzee wa Kigiriki aliyebaki baada ya mashamba ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967, na sasa alikuwa akirudi kwao. Tulikwenda polisi pamoja, tukajaza karatasi, nikarudi mara tano zaidi peke yangu, na hatimaye nikapata kibali kwa sababu shule niliyoiongoza ilikuwa na ekari kumi na mbili za mahindi ya elimu ya kujitegemea ambazo nyani walikuwa wakizivuna kabla yetu. Nilipokuwa nikipekua maandishi yaliyochongwa juu ya mtutu, yule mzee aliniambia kwamba mji wa Brno ndio ulioipa herufi zake mbili za kwanza bunduki ya Bren. Ni kweli: Brno na Enfield. Wanajeshi wetu wa King's African Rifles waliibeba Bren huko Burma mwaka 1944. Wale walikabidhiwa bunduki bora kabisa za wakati wao kwa ajili ya kuwapiga Wajapani, kisha waliporudi nyumbani walirudia magobore kwa ajili ya nguruwe.

Jumapili ya kwanza nilimpelekea baba. Alikuwa amepita miaka sabini, mkono wake wa kushoto unatetemeka. Aliifungua kitambaa, akaivuta komeo, akachungulia mtutu kuelekea mlangoni penye mwanga, yote bila kuniuliza kitu, maana mikono ilikuwa inakumbuka. Nikamwambia, "Baba, ipige." Akasema, "Nani, mimi?" Nikaweka papai bovu juu ya kisiki, hatua themanini. Aliegemeza bunduki kwenye gunia la pumba, akakaa kimya muda mrefu hadi mama akasema mzee kalala. Kisha ikalia. Papai lilipasuka katikati. Hakutabasamu. Alitoa ganda, akalitia mfukoni mwa koti lake, akasema, "Miaka kumi na moja, mwanangu. Kumbe ni nyepesi hivi." Sikujua anazungumzia bunduki au jambo lenyewe. Tulilikuta ganda lile ndani ya koti siku ya maziko yake.

Ningeishia hapo, mjukuu wangu angeridhika. Lakini kuna siku nyingine ambayo sijaisimulia isipokuwa kwa mke wangu.

Ilikuwa mwaka 1993, mahindi yakiwa yamefikia kiuno. Nilikuwa nimelala kwenye mpaka wa shamba la shule tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia wakati huo nilikuwa na daftari nililoandika kila risasi: tarehe, umbali, upepo, matokeo. Nyani 27 na nguruwe watatu katika miaka minane. Nilijiona bingwa. Majani yakatikisika hatua mia moja hivi mbele yangu, chini chini, kama wanavyotikisa wakiwa wanavunja mabua, kukaonekana mgongo wa rangi ya kahawia. Nilivuta kifyatulio cha nyuma. Nilisubiri kichwa kiinuke. Hakikuinuka, na mimi, niliyewafundisha wengine subira, nilichoka kungoja. Nikagusa cha mbele.

Aliyesimama alikuwa mvulana wa darasa la nne, amevaa sweta la kahawia la kaka yake. Risasi ilikuwa imekata bua la mhindi karibu na bega lake ikapita. Alikuwa akiiba mahindi mabichi, na alidhani nimempiga kwa makusudi kwa wizi ule. Alinijia mikono juu, analia, anasema, "Shikamoo mwalimu, sitarudia tena, mwalimu." Nilishindwa kuitikia salamu. Nilikaa chini, nikamkalisha karibu nami, na tulikaa hivyo hadi jua likawa kali. Kisha nikamvunjia mahindi mengine nikampa, nikaenda naye kwao, nikawaeleza wazazi wake kila kitu. Baba yake alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, tumshukuru Mungu," akaingia ndani. Nilingoja nje, sikujua kama amekwenda kuchukua panga. Alirudi na kigoda.

Sikuwapiga nyani tena. Shule iliajiri vijana wawili na mbwa wanne, na nakiri kwamba mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka wowote wa daftari langu. Nyani ni mnyama mwenye akili. Alikuwa amekwisha kunijua. Nilipopita na jembe alikaa, nilipopita na bunduki alihama shamba, nilipoondoka alirudi. Akina mama waliopiga makopo siku nzima waliokoa mahindi mengi kuliko mimi na hesabu zangu za upepo.

Hata hivyo sikuiuza. Mara mbili au tatu kwa mwaka nilikwenda nayo kwenye korongo lenye ukuta wa udongo nyuma yake, nikaweka kopo, nikapiga risasi tano, nikarudi. Sheria zilibadilika, ya mwaka 1991 ikafuatwa na ya mwaka 2015, na kila mara niliipeleka kituoni kukaguliwa. Askari vijana huitazama kwa mshangao na kuuliza kama kweli inalia. Risasi zake ni adimu na bei yake haipendezi kwa pensheni ya mwalimu. Zimebaki tisa.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, ndani ya kile chuma mna mambo ambayo siwezi kuyatenganisha. Kuna uhodari wa mafundi, ambao naupenda kama ninavyopenda saa nzuri. Kuna kitu alichonyimwa babu yako mkuu, ambacho nilijua nimekipata kwa niaba yake siku ile ya papai. Na kuna bua la mhindi lililokatwa. Ningekuwa na lile la kwanza peke yake ningekwisha iuza.

Mwezi uliopita nimeandika barua polisi kueleza kwamba macho yangu hayafai tena na nataka kuisalimisha. Nimeambiwa nije baada ya wiki mbili. Jana nilimwita mjukuu anishikie taa nikiisafisha kwa mara ya mwisho, tambara kwenye uzi, kama baba alivyofanya. Nilipomaliza nilitoa komeo, nikampa achungulie mtutu kuelekea dirishani. Alichungulia muda mrefu, akageuza bunduki polepole mikononi mwake, akasema, "Babu, kumbe ndani inazunguka."

Nikamwambia aifunge kwenye kitambaa chake.